Chumvi, Magadi na Dawa ya Shinikizo la Damu: Maneno na Mambo kutoka Mamba, Mpimbwe

Mswahili akitaka kumtaja mzee kwa heshima husema kwamba mzee huyo amekula chumvi nyingi, yaani ameishi miaka mingi na ameona mengi. Katika msemo huu chumvi ni kipimo cha umri, na umri ni sifa. Wala sijasikia mtu akiutumia kwa kulaumu. Lakini katika vyumba vya waganga wa siku hizi maneno hayo hayo yamegeuka kuwa shtaka. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiambiwa kwamba amekula chumvi nyingi, yeye haheshimiwi, bali aonywa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chumvi ilivyofika katika nchi ya Mpimbwe na nchi zilizo jirani, jinsi ilivyokuja kupambana na dawa za shinikizo la damu, na jinsi neno moja lisilofahamika sawasawa liwezavyo kuibatilisha dawa iliyo njema.

Mamba ni kata ya Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, mkoa wa Katavi. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mpanda, kabla mkoa huo mpya haujaundwa mwaka 2012. Wenyeji wake wa asili ni Wapimbwe, na siku hizi wamechanganyika na Wafipa, Wasukuma na wengine. Mimi nilikwenda huko mwaka 2018 kwa kazi yangu ya kukusanya maneno ya jikoni na ya shambani. Sikwenda kutafuta habari za maradhi. Lakini mtu anayeuliza majina ya vyungu na ya vitu vitiwavyo ndani yake hawezi kukaa siku nyingi pasipo kuulizwa, na mwenyeji wangu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa na swali lake ambalo nitalieleza mahali pake.

Tuanze na chumvi yenyewe. Watu wa pwani wana bahari, na chumvi kwao haikuwa taabu kubwa. Watu wa bara walilazimika kuitafuta. Upande wa kaskazini wa nchi ya Katavi zipo chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi. Wataalamu wa mambo ya kale, J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, walichimba hapo katika miaka ya 1960, wakaona kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo na kupata chumvi tangu katikati ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Upande wa kusini, ng'ambo ya ziwa Rukwa, ipo Ivuna, ambako wachimbuzi wengine, B. M. Fagan na J. E. Yellen, walikuta katika miaka hiyo hiyo mabaki mengi ya vyungu na ya mahali pa kuchemshia chumvi. Basi nchi ya Mpimbwe imekaa katikati ya Uvinza na Ivuna, na ni mbali kutoka kote kuwili kwa mtu aendaye kwa miguu na mzigo kichwani.

Burton, aliyepita njia ya kwenda Ujiji mwaka 1858, aliisifu chumvi ya Uvinza na kueleza jinsi ilivyosafirishwa mbali. Watu wengi walikwenda Uvinza wakati wa kiangazi, maji ya mito yalipopungua, wakachemsha chumvi yao wenyewe na kutoa ushuru kwa watawala wa mahali. Kisha walifunga mizigo na kurudi kwao, au waliibadilisha njiani kwa majembe, nafaka na nguo. Chumvi iliyopatikana kwa safari ya namna hiyo haikumwagwa ovyo katika chungu. Ilitunzwa na kupimwa kwa vidole.

Nyumba isiyoweza kuipata ilikuwa na njia nyingine, iliyojulikana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati: kuchoma majani au matete yanayoota penye maji, kuweka jivu lake katika chungu kilichotobolewa au kikapu, kumimina maji juu yake, na kuyakinga yanayochuruzika chini. Maji hayo yalitiwa katika mboga, au yalichemshwa hata yakaacha unga. Msomaji naaikumbuke chumvi hiyo ya jivu, kwa maana tutairudia mwishoni.

Maneno nayo yana ushahidi wake. Kiswahili kinayo maneno mawili, chumvi na munyu. La pili limekwisha kuwa adimu, lakini ndilo lenye ndugu wengi. Mnyarwanda husema umunyu, na Mganda husema omunnyo. Neno chumvi lina ndugu wachache zaidi, na mmoja wao ni cumbĩ ya Kikuyu. Kusini ya Rukwa mambo yageuka. Wabemba huita chumvi umucele, na Wanyanja huita mchere, maneno ambayo kwa umbo yamekaa karibu sana na mchele wetu. Msafiri aliyetoka pwani na kufika kwa Wabemba akaomba mchele, huenda alipewa chumvi. Hivyo nchi ya Rukwa ipo kwenye mpaka wa maneno, ambapo jina la chumvi halikuwa moja tangu zamani.

Pamoja na chumvi hapana budi kuyataja magadi. Hayo hupatikana kandokando ya maziwa na mabwawa yasiyo na njia ya kutokea maji, na Rukwa ni ziwa la namna hiyo. Magadi hutiwa katika maharage yalainike upesi, na katika mboga ngumu. Mpishi hayahesabu kuwa chumvi, kwa kuwa kazi yake ni nyingine na jina lake ni jingine. Mwanakemia huyahesabu pamoja, kwa kuwa chumvi na magadi yote mawili yana sodiamu ndani yake.

Halafu njia zilibadilika. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipita Uvinza penyewe, na ilipofika mwaka 1950 tawi lake lilikuwa limekwisha kuletwa Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi. Baadaye zikaja barabara na malori. Kitu kilichopimwa kwa vidole kikaanza kuuzwa kwa kilo, kwa bei ambayo hata maskini aliimudu. Serikali ikaona pia manufaa mengine. Katika miaka ya 1990 Tanzania iliamuru chumvi ya kuliwa itiwe madini ya joto, yaani ayodini, ili kuzuia ugonjwa wa tezi la shingo. Na jambo hilo lilikuwa jema kabisa. Lakini kwa mara ya kwanza katika historia ya bara, mtu wa Mamba aliweza kula chumvi kama mtu wa pwani, au kumpita.

Sasa tutazame upande wa tiba. Mganga aliyejulikana kuliko wote katika nchi hizo ni Adriano Atiman, aliyezaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani, akakombolewa na mapadre, na kusomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema, pwani ya Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika maisha hayo marefu elimu ya shinikizo la damu ilizaliwa na kukua mbali na Karema. Mwaka 1896 Mwitaliano Riva-Rocci alitengeneza chombo cha kulipimia kwa kufunga mkono. Mwaka 1904, huko Paris, Ambard na Beaujard waliandika kwamba chumvi na shinikizo hilo vina uhusiano. Katika miaka ya 1940 daktari Kempner, huko Marekani, aliwashusha shinikizo wagonjwa waliokuwa katika hatari kubwa kwa kuwalisha wali na matunda pasipo chumvi. Wengi walishindwa na chakula hicho. Dawa nyepesi ya kumeza iliyofaa watu wengi, klorotiazidi, ilianza kuuzwa mwaka 1958, miaka miwili baada ya Atiman kuzikwa.

Je, Waafrika wa zamani walikuwa na ugonjwa huu? Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha vipimo vya watu 1,000. Aliona kwamba shinikizo lao halikupanda pamoja na umri kama lilivyopanda kwa Wazungu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Damu ilikuwa ile ile, na ukoo ule ule. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Tanzania, katika Ilala ya Dar es Salaam na katika vijiji vya Hai. Kwa watu wazima, wapata watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu, mjini na kijijini pia. Na katika wenye ugonjwa huo, waliokuwa wameshushwa hata kufikia kiasi kitakiwacho hawakufika mmoja katika mia.

Hapo ndipo linapokuja swali la chumvi na dawa. Wengi hudhani kwamba chumvi huleta ugonjwa, na dawa huuondoa, kana kwamba ni mambo mawili yasiyokutana. Kumbe hukutana ndani ya figo. Chumvi nyingi huushikilia mwili maji, na maji huongeza wingi wa damu mishipani. Dawa za jamii ya klorotiazidi huziamuru figo kuitoa sodiamu katika mkojo. Mgonjwa akiirudisha jioni kwa chungu cha mchuzi, dawa imefanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Dawa za jamii ya kaptoprili hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya mwili inayokaza mishipa. Lakini mwili uliojaa chumvi umekwisha kuipunguza kemikali hiyo wenyewe, kwa hiyo dawa hukosa cha kuzuia. Chumvi ikipungua, dawa hupata nguvu. Dawa kama amlodipini, zinazolegeza kuta za mishipa, hazitegemei sana chumvi kupungua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha shinikizo zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Ukubwa wa jambo hili waonekana katika jaribio moja dogo lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2009. Wagonjwa 12, ambao shinikizo lao lilikataa kushuka ingawa walikuwa wakitumia dawa tatu na zaidi, walilishwa chumvi nyingi kwa juma moja na chumvi kidogo kwa juma jingine, dawa zikiwa zile zile. Katika juma la chumvi kidogo shinikizo lao la juu lilikuwa chini kwa milimita zipatazo 23 za zebaki. Vipo vidonge vingi visivyoweza kushusha kiasi hicho.

Sasa nirudi Mamba kwa mwenyeji wangu. Jioni moja, tulipokuwa tukiandika majina ya viungo, alinyamaza, kisha akaingia ndani na kutoka na kadi mbili za matibabu. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya marehemu mkewe, aliyefariki mwaka uliotangulia kwa kiharusi. Katika kadi ya mkewe vipimo vilikuwa juu mwezi baada ya mwezi, dawa ya pili iliongezwa juu ya ile ya kwanza, na mwishoni mtu aliandika kwamba mgonjwa hafuati matibabu.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni msomi wa maneno. Nisomee neno hili. Mama huyu alikunywa vidonge vyake kila siku kwa mkono wangu. Mimi ndimi niliyempa maji. Basi hakufuata nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwuliza tu, kama nilivyozoea kuuliza kazini, walikuwa wakila nini. Akanijibu kwamba chumvi waliiacha wote wawili siku ile ile walipoambiwa. "Tuliambiwa tusile chumvi, nasi hatukula tena." Lakini mchuzi niliokuwa nikiula nyumbani kwake kila siku ulikuwa umekolea vema, maharage yalikuwa na magadi, na samaki walikuwa wamekaushwa kwa chumvi. Nilipoyataja hayo alinitazama kwa mshangao. "Hiyo si kula chumvi, mwanangu. Hiyo ni chumvi ya kukolezea, nayo imekwisha kuiva. Tulichoacha ni chumvi mbichi."

Hapo nilitambua kwamba mzee hakusema uongo, wala mganga hakusema uongo, ila kila mmoja alitumia neno lake. Katika matumizi ya mzee, *kula chumvi* ni kuichukua mbichi na kuinyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa. Ile itiwayo chunguni hailiwi. *Hukoleza*, na kinacholiwa ni mboga. Kitenzi kimebadilika, na pamoja nacho kitu chenyewe kimebadilika. Tena yapo mawazo yaliyoenea sana nchini mwetu, mijini na vijijini, kwamba moto huiondolea chumvi madhara yake kama uondoavyo sumu ya muhogo. Kwa muhogo maneno hayo yana ukweli, ukitayarishwa ipasavyo. Kwa chumvi hayana. Sodiamu haiungui katika chungu wala haipotei pamoja na mvuke. Gramu kumi zitiwazo jikoni hufika mezani gramu kumi.

Magadi nayo yalijificha nyuma ya jina lake. Ni haki kusema kwamba sodiamu ya magadi haikuonekana kulipandisha shinikizo sawasawa na ile ya chumvi ya kawaida. Hata hivyo waganga huwataka wagonjwa wayapunguze, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva pasipo magadi mengi. Samaki mkavu naye hutajwa kwa jina la samaki, wala si kwa jina la chumvi, ingawa aweza kuwa na chumvi ya siku nzima. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, vyote vikihesabiwa pamoja: ya chunguni, ya samaki, na ya mkate.

Nilimsihi mzee asiache vidonge vyake, bali arudi kwa mganga wake na kumweleza chungu chake kama alivyonieleza mimi. Binti yake akaanza kuwaloweka samaki na kuyamwaga maji yake, kupunguza chumvi ya mchuzi kidogo kidogo, na kutumia ndimu na vitunguu. Niliporudi mwaka 2019 alinionyesha kadi. Kipimo kilichokuwa 178 juu ya 104 kilikuwa kimefika 148 juu ya 88, kwa vidonge vile vile. Najua kwamba mtu mmoja si uchunguzi, na huenda zilikuwapo sababu nyingine. Lakini hakuna kidonge kilichoongezwa.

Nilisema kwamba tutairudia chumvi ya jivu. Jivu la majani kwa kawaida lina potasiamu nyingi, ingawa majani ya mahali penye chumvi yaweza kuwa na sodiamu pia. Na potasiamu hulisaidia shinikizo kushuka. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa China, wa watu wapatao 21,000 katika vijiji 600. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo sehemu yake moja katika nne ilikuwa ya potasiamu, na katika vijiji hivyo kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Basi bibi zetu waliochuja jivu huenda walikula kitu kilichokaribia kile ambacho wataalamu wanakitengeneza leo viwandani. Sisemi hivyo ili watu warudie jivu, kwa maana jivu halina kipimo wala ayodini. Na potasiamu nyingi ni hatari kwa mwenye figo mbovu, na kwa atumiaye dawa za jamii ya kaptoprili pasipo kuangaliwa na mganga. Nasema ili tusidhani kwamba chumvi ya leo ndiyo iliyokuwapo siku zote.

Sisi tunaoshughulika na lugha tumetumia miaka mingi kutafuta majina ya maradhi na ya vyombo. Tumeweka *shinikizo la damu* mahali pa *presha*, na kazi hiyo ni njema. Lakini mgonjwa hafi kwa kukosa jina la ugonjwa. Aweza kufa kwa kitenzi kidogo kama *kula*, ambacho sote twadhani twakijua. Yafaa wanaowafundisha wauguzi wawazoeze kutouliza, "Wala chumvi?" bali kuuliza, "Nyumbani mwatia nini chunguni, na kiasi gani, na chumvi ya kilo moja huwatosha siku ngapi?" Swali hilo la mwisho halihitaji chombo, nalo hujibiwa na mpishi bila kusita.

Kabla sijaondoka mzee alinirudishia ile kadi ya pili akaniomba nimwandikie pembeni yake, kwa kalamu, kwamba mkewe alikunywa dawa zake. Nikaandika. Haikuwa kazi ya kitaaluma, lakini ilikuwa kweli, na kadi ile ilistahili kuwa nayo.